Pembe Kwenye Skrini

Kwetu, juu kidogo ya Ndungu, pembe haipigwi kwa mchezo. Ikilia alfajiri ni msaragambo: kila nyumba itoe mtu na jembe, mfereji umeziba au kingo za ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, zimemeguka. Ikilia wakati mwingine wowote ni shari, na hakuna anayesimama kuuliza shari gani. Mama anaacha ugali jikoni, mlevi anaacha kikombe. Mpigaji ni mimi. Kabla yangu alikuwa baba yangu. Shule niliishia darasa la nne, lakini pembe haitaki shule, inataka kifua.

Mara ya mwisho niliyoipiga na watu wakaja bila kuuliza ilikuwa siku ya jenereta. Mke wangu Blandina alifia kituo cha afya, juu ya meza ya upasuaji, umeme umekatika, daktari kashika simu kwa meno apate mwanga. Wakubwa walikuja msibani wakasema maneno. Wananchi walipopiga kelele sana, likaletwa jenereta, likashushwa barabarani kama gunia la chumvi, maana lori lao haliwezi mlima wetu. Nikapiga pembe. Tukalivuta kwa kamba mpaka juu, wazee kwa vijana. Diwani Anderson alikuwepo na viatu vyake safi, na kijana wake wa kamera kutoka Same mjini, Mbaraka. Mbaraka akanipiga picha ya video nikipuliza, mashavu yamevimba. Nikadhani ni kumbukumbu ya kijiji.

Kumbe ilikuwa akiba.

Mwaka huu Diwani akaanzisha kombe lake, akaleta skrini. Sijui kitu kikubwa namna ile kinatoka wapi katika mwezi ambao kituo cha afya hakina pamba. Wakaisimamisha nyuma ya goli la upande wa milimani, ikaziba Shengena yote. Ukikaa jukwaani huoni tena mlima wala wingu linalotoka huko. Unaona skrini.

"Hii ni HD, mzee wangu," Mbaraka aliniambia siku wanaijaribu. "Golikipa akitoka jasho, unaliona tone."

"Bomba la kituo cha afya halitoi hata tone," nikamjibu. "Kalipige picha hilo."

Akacheka. Kijana si mbaya. Ametumwa tu, na aliyemtuma hajui njaa.

Mechi ya kwanza timu ya Kihurio walipofunga, nikasikia pembe yangu. Niliruka. Nikageuka, nikajiona: nimesimama mrefu kuliko mti, mashavu yamevimba, kila unywele wa ndevu unaonekana, na chini yangu maandishi makubwa ya GOLI. Uwanja mzima ukalipuka. Tangu siku hiyo kila goli ni mimi. Watoto wakaanza kuniita Babu Goli. Nilikwenda kwa Diwani nikamwambia, hii sauti si ya kuchezea, watu wataizoea. Akanishika bega. "Baba Irine, tumekutoa porini tumekuweka kwenye skrini, unalalamika?" Waliokuwa wamekaa naye wakacheka, hata wasiojua wanachokicheka.

Siku ya fainali binti yangu Irine aliamka na uchungu. Mimba yake ya kwanza. Nikampeleka kituoni. Tulipopita nyuma ya jengo nikaona pale jenereta linapokaa hapana kitu, doa la oili tu kwenye saruji.

Nesi Raheli alikuwa mlangoni. Hakuniangalia usoni.

"Nesi, jenereta liko wapi?"

"Shikamoo, Baba Irine."

"Marahaba. Liko wapi?"

"Limeazimwa. Skrini yao inazimika umeme ukicheza, na leo wanakuja wageni wakubwa. Wamesema jioni litarudi."

"Na giza nalo limeazimwa?"

Irine akanivuta mkono. "Baba, usianze na watu. Umeme si upo? Ona feni inazunguka."

Kweli ilikuwa inazunguka, ile feni ya darini, ikikwaruza. Nikakaa kwenye benchi nikaiangalia. Mchana daktari akatoka akasema mtoto amekaa vibaya, watafanya upasuaji. Hapo nje kukaanza kuwa na ule utulivu wa mvua ya milimani, kuku wanaingia ndani wenyewe. Kutoka chini uwanjani upepo ukaleta sauti ya pembe. Goli. Mzee mmoja wodini akanyanyuka kitandani kwa mazoea, halafu akacheka, akalala tena.

Radi ikapiga upande wa Shengena. Feni ikapunguza mwendo. Niliiangalia mpaka mapanga yake yakaonekana moja moja, ikasimama.

Raheli akatoka chumba cha upasuaji, glavu mikononi. "Baba Irine," akasema taratibu, na sauti yake ya taratibu ndiyo iliyonitisha, "tumeshaanza. Kalete jenereta."

Nilipitia nyumbani nikachukua pembe, maana ninawajua wakubwa. Bodaboda ikanishusha uwanjani. Jenereta lilikuwa nyuma ya skrini, linanguruma, na kando yake tela la trekta lililolileta. Lakini hata watu watatu hawalipandishi pale. Nikamfuata Diwani jukwaani, amekaa na wageni, maji ya chupa mbele yao.

"Binti yangu yuko mezani, umeme hakuna. Nipe jenereta na watu wa kulibeba."

Akatazama uwanja, siyo mimi. "Zimebaki dakika kidogo tu, Baba Irine. Umeme utarudi sasa hivi. Unataka nizime mbele ya watu wote hawa?"

"Mama yake alikufa hivyohivyo."

"Usitie mkosi kwenye sherehe," akasema, akamwashiria mgambo.

Sikungoja mgambo. Nikashuka mpaka ukingoni mwa uwanja, nikapiga pembe. Niliipiga ile ya shari, milio mirefu, kama baba alivyonifundisha.

Watu wote wakasimama. Nasema wote. Kwa pumzi moja nilimshukuru Mungu. Halafu wakageuka, vichwa vyote pamoja, wakaangalia skrini.

"Nani kafunga?" akauliza mmoja karibu yangu.

"Sikuona. Ngoja marudio."

Mbaraka naye aliposikia pembe akaweka ile picha yangu ya siku zote, GOLI, wakashangilia. Wachezaji wakasimama wanamshangaa refa. Kisha kamera ikanitafuta, ikanipata, na nikajiona juu pale, mimi wa leo, mdomo wazi, machozi yamekaa kwenye mikunjo. Picha safi kweli. Nilikuwa nasema, Irine anakufa, njooni tubebe. Lakini skrini haikuwa na sauti yangu, ilikuwa na muziki wao. Wakaona mzee analia kwa furaha ya goli. Wakanipungia mikono. "Babu Goli! Tena!"

Nikazunguka nyuma ya skrini nikang'oa waya.

Muziki ukakatika. Skrini ikawa nyeusi, na kwa kuwa ilikuwa nyeusi watu wakaona wingu lililokuwa nyuma yake, limeshafika. Chupa ya kwanza ikanipiga bega, ya pili sikio. Mtu akasema nikamatwe. Nikapiga pembe tena, damu inaingia shingoni.

Wa kwanza kuja alikuwa Nashilu, mama wa Kimaasai anayeuza maziwa getini. Aliacha dumu lake hapo hapo. "Mimi si wa pembe yenu," akasema, "lakini uso wako niliuona. Ule si uso wa goli." Akashika upande mmoja wa jenereta, mwanamke peke yake, kama anataka kulinyanyua. Hapo ndipo wazee wakaona aibu wakashuka, na vijana nyuma yao. Diwani alikuwa ameshaondoka na wageni wake kukwepa mvua.

Tukalipakia kwenye tela, trekta likazama kwenye tope nusu ya mlima. Tukafunga kamba, tukalivuta jenereta kama ile siku ya kwanza, ila hakuna aliyeimba. Tulipofika kwenye kona ya kanisa nilimwona Nesi Raheli anashuka. Hakuwa na mwavuli. Alikuwa anatembea.

Mwenye habari ya kuharakisha hukimbia. Watu wakaona kama nilivyoona mimi, na mmoja mmoja wakaachia kamba.

Mtoto alipona. Walimtoa kwa tochi ya simu, wa kike, analia vizuri. Mama yake damu haikuonekana inakotokea. Ndivyo daktari alivyosema, haikuonekana.

Fainali ilipangwa kurudiwa. Kabla ya hapo Diwani alimtuma Mbaraka kwangu. Kijana akasimama mlangoni, kofia mkononi. Akasema wanataka kumkumbuka marehemu kabla ya mechi, picha yake iwekwe juu, watu wasimame kimya. Nikampa niliyokuwa nayo, ya kipaimara. Akaigeuzageuza.

"Hii itatoka na ukungu, mzee. Huna iliyo ang'avu kidogo?"

Nikaichukua picha yangu, nikafunga mlango.

Wamecheza bila sisi. Jenereta limerudi kituoni, na uwanjani wameleta lao jipya, kubwa zaidi, kwa hiyo skrini haizimiki tena. Kila Jumapili pembe yangu inalia kutoka bondeni, na mjukuu wangu hashtuki tena usingizini. Hicho ndicho kinachoniogopesha. Masika haya ndiva imejaa, na kingo za upande wa juu zinavuja, nimewaambia viongozi, wamesema watakuja kuangalia. Ninalala na pembe kando ya kitanda. Siku itakapobidi nitaipiga kwa kifua chote kilichobaki, na huko chini watanyanyua vichwa, waulizane nani kafunga.