Noti ya Kale ya Baba Mkubwa Ludovick

"Waheshimiwa," Baba Mkubwa Ludovick alitangaza, amesimama juu ya kigoda katikati ya sebule yake ya Bredäng, pembeni mwa Stockholm, "leo mnatazama pesa ya karatasi iliyotumika Japani kabla babu zenu hawajaijua noti!"

Kigoda kikayumba. Akashuka haraka.

Dominic, mtoto wa mdogo wake, aliinamisha kichwa kama aliye msibani ili asicheke. Noti ile ilikuwa na umri wa siku tisa. Aliichapa mwenyewe, akaichomeka katika bahasha ya makaratasi makuukuu ambayo Baba Mkubwa aliinunua mnadani na tangu hapo akajiita mtaalamu. Mtaalamu! Mtu anayeweka kioo cha kukuzia kwenye jicho moja, kisha analifumba hilohilo!

Kazi nzuri vile haikumstahili. Karatasi ndefu, nyembamba, ya magome ya mforosadi. Juu yake mungu wa utajiri, kitambi mbele, ameketi kwenye marobota ya mpunga. Dominic alimchonga kinyume kwenye ubao, akapaka wino, akalaza karatasi na kuisugua mgongoni kwa kijiko, kama wachapaji wa kale walivyosugua kwa mkono. Kuchonga alijifunzia bweni kule Moshi, akitengeneza mihuri bandia ya ruhusa za kutoka kwa soli za kandambili. Kunaswa nayo ndiko kulikomleta Stockholm, chini ya jicho la Baba Mkubwa. Na Baba Mkubwa alishaapa: utundu mmoja tu, anarudishwa bweni.

"Jumatatu naipeleka makumbusho!"

"Ni haki yao kuiona, Baba Mkubwa," alisema Dominic. "Jicho lako halina mfano."

Mama Mkubwa Veneranda akaleta chapati. Mgeni wao Mkenya, Mwaura, akachukua moja, akaumega ukingo, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha huku akitafuna.

"Kwani nyinyi Watanzania mnachoranga chapati siku hizi?"

Katikati ya chapati aliketi mzee mnene juu ya marobota.

"Ubao wangu wa chapati umepasuka upande wa juu," alisema Mama Mkubwa, "nikasukumia upande wa chini."

Upande wa chini, ambao Dominic aliamini hautazamwi na mtu.

Baba Mkubwa alisogeza noti karibu na chapati. Safari hii alifumba jicho sahihi.

"Kitambi kilekile. Dominic?"

"Jag vet inte..."

"Usinijibu 'sijui' kwa Kiswidi!"

"Ni mimi, Baba Mkubwa. Nimechonga ubao wa Mama Mkubwa, nikakuwekea noti kwenye bahasha. Nilijua hutaona. Usinirudishe bweni." Akamtazama Mwaura. "Na wino ni masizi na gundi tu. Nadhani hauna sumu."