Kinywa cha Fundi

Kwa wiki sita kinywa cha fundi cherehani hakikuwa chake tena, kilikuwa daftari la mkewe. Kila jioni, mashine ikishanyamaza, alijilaza chali juu ya meza ya kukatia vitambaa, mafungu ya nguo chini ya kisogo, naye mkewe akamwinamia na tochi ya simu na kijiko cha chai.

"Panua. Zaidi. Hii?"

"Aah," alijibu fundi, maana aliyepanua kinywa hana jibu jingine.

"Gum. Ufizi. Na hiki kinachoning'inia huku nyuma kama kifungo kilicholegea, uvula. Kimio."

Kwenye kliniki ya meno alikofanya kazi mke huyo walimwita Mama Ndoo. Miaka kumi na miwili alikuwa amepiga deki na kuchemsha koleo za watu wengine. Sasa msaidizi wa daktari alikuwa amestaafu, na daktari alitaka mtu wa kukaa ubavuni mwake ajaze kadi ya mgonjwa huku yeye akitaja anachokiona. Kadi zote zilikuwa za Kiingereza, kuanzia midomo hadi kooni, na aliyeitaka nafasi hiyo alipaswa kufanya mtihani wa kuyataja yote. Mama Ndoo alishaanguka mtihani huo mara moja, na barua ya matokeo ilisema wazi kwamba mara ya pili ndiyo ya mwisho. Akikosa, ni yeye na ndoo mpaka uzee, na kazi hiyo aliitaka mpaka usingizi ulimpaa.

Siku moja mteja aliingia kuchukua suruali akamkuta fundi amelala na kijiko mdomoni.

"Fundi anaumwa?"

"Anasomwa," akajibu Mama Ndoo bila kugeuka. "Suruali yako iko kwenye kulabu."

Kila neno lilipewa anwani yake. Incisor lilikuwa lile jino la mbele lililomeguka kwa kukata nyuzi. Canine lilikuwa chonge la njano. Premolar, gego dogo, unalikuta ukishavuka pengo la kushoto. Kuhusu gego la mwisho, ambalo Waingereza huliita jino la hekima, Mama Ndoo alipapasa pande zote nne akakosa.

"Wewe huna hata moja," akasema.

"Aah," fundi akalalamika.

Siku ya mtihani, pale kliniki, mtahini, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, aliweka mezani kinywa cha plasta. Meno thelathini na mawili, meupe pee, yamejipanga kama yanapigwa picha. Akagusa moja kwa penseli, akasubiri.

Mama Ndoo alitafuta jino lililomeguka, halikuwepo. Akatafuta pengo, hakuna. Alikuwa kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani gizani, hajui mlango wala dirisha. Daktari, aliyesimama kando ya ukuta, akaanza kuangalia viatu vyake.

"Mama," Mama Ndoo akamwambia mtahini, "kinywa hiki sikifahamu. Ninachokifahamu kiko nje kwenye benchi."

Mtahini alimtazama juu ya miwani, kisha akaashiria mlango kwa penseli.

Fundi hakuwahi kukalia kiti cha daktari wa meno maisha yake yote. Miaka yote hiyo mkewe alifanya kazi mle, yeye hakuvuka benchi, kwa woga mtupu. Lakini alipouona uso wa mkewe mlangoni alipiga moyo konde, akaingia, akalala, akapanua. Taa kubwa ikawashwa.

Hapo ndipo maneno yalipomwagika. Lip, tongue, palate, jaw, kuanzia mdomo hadi kaakaa na taya, Mama Ndoo aliyataja kabla penseli haijafika, na penseli ikaanza kumkimbiza. Fundi alishikwa na kicheko huku amepanua, kimio kikacheza.

"Uvula," akasema mkewe, akimpiga kikofi begani. "Na itulie."

Daktari alicheka hadi akashika ukuta. Hata mtahini alivua miwani akajifuta macho. Mama Ndoo alijiona mwepesi kama aliyekunywa kitu, akainama kumalizia magego ya chini kulia, chini ya ile taa kubwa.

Kulikuwa na shimo jeusi ambalo tochi ya simu haikuwahi kulifikia.

"Fundi. Hili linauma?"

Kwa mara ya kwanza fundi alifunga kinywa. "Wiki ya tatu sasa."

"Na hukusema?"

"Ningesema ungenileta hapa. Wangeling'oa, ningevimba shavu, nawe ungekosa pa kusomea."

"Na mimi nililigonga kwa kijiko kila jioni."

"Uliligonga kwa Kiingereza, mke wangu. Halikuuma sana."

Mama Ndoo alitaka kumgombeza, akacheka, akajikuta analia, yote kwa pamoja. Mtahini aliweka sahihi kwenye fomu yake, kisha akasukuma mbele kadi tupu na kalamu. Daktari alikuwa ameshaanza kunawa mikono.

"Lower right," akaita. "Second molar."

Msaidizi wake mpya akaandika, kadi ikimtelezea kwa kukosa wa kuishikilia, maana mkono wake wa kushoto ulikuwa umebanwa na mgonjwa wake wa kwanza.