Maji ya Mchicha

Shuleni alikopika miaka yote walimwita Mama Mchicha, na jina hilo hakupewa bure. Mpishi mwenzake akiacha mboga ichemke mpaka ipoteze rangi, alikuwa anapata maneno yake. "Umepika au umefua?" angemuuliza mbele ya watoto. Majani mabichi yana vitamini kamili. Moto ukizidi zinapungua, na maji yakimwagwa yanaondoka na nyingine. Hayo aliyajua, na hakukosea. Ndiyo maana hakuna aliyethubutu kumbishia.

Sasa figo za mwanawe wa pekee zilikuwa zimegoma, na hospitali ikatoa amri iliyomkera bibi huyu hadi mifupani: mgonjwa asile mboga mbichi, zikatwekatwe, zichemshwe kwa maji mengi, kisha maji yote yamwagwe. Mkwewe, mke wa mgonjwa na fundi cherehani, aliishika amri hiyo kama roho yake. Kila asubuhi alibandika sufuria, akaenda kazini, akamwachia mama kazi ndogo tu ya kuchuja na kumwaga.

Siku ya kwanza Mama Mchicha alisimama kwenye sinki na chujio lake, akayatazama yale maji ya kijani yakifuka mvuke. Mwanawe alikuwa amekwisha. Mashavu yameingia ndani, suruali inashikiliwa na mkanda. Na nguvu zote za mboga ndizo hizi zinakwenda bombani!

"Watamuua kwa makapi," alijisemea, akakinga kikombe.

Tangu hapo alimpa kila asubuhi, mke akishatoka. "Kunywa supu yako, baba." Naye, mtu mzima mwenye ndevu, alikunywa bila kuuliza, maana kwa mama yake alikuwa bado mtoto.

Hali ikazidi kuwa mbaya. Miguu ikamlegea, akalalamika kwamba moyo unamrukaruka. Mama akashikwa na woga, akaongeza kikombe cha pili. Kadiri alivyoogopa ndivyo alivyojaza.

Leo asubuhi mwanawe alianguka mlangoni mwa bafu. Sasa alikuwa wodini, kifua kimejaa nyaya, na mashine pembeni ikilia bila mpangilio. Mkewe alikuwa amesimama miguuni pake, sindano bado imechomekwa kwenye ukosi wa blauzi. Mama alikaa na kikapu mapajani. Ndani yake mlikuwa na chupa ya chai, aliyoijaza kabla ya kutoka.

Nesi aliingia na majibu ya damu. "Potasiamu imepanda vibaya," alisema. "Majani yamejaa madini hayo. Sisi wenye figo nzima tunayakojoa, lakini kwake yanabaki kwenye damu, na yakizidi moyo unasimama. Ndiyo maana tunasema mchemshe, yatoke yaingie kwenye maji. Dada, unachemsha kweli?"

"Haki ya Mungu nachemsha," mke alisema, machozi yakimtoka.

"Basi labda ni dawa, au mashine ya kusafishia damu. Itabidi daktari aanze kutafuta upya, na muda wenyewe hatuna."

Mama Mchicha alikivuta kikapu karibu na tumbo. Aliogopa mwanawe asije akafa. Aliogopa pia, na aibu ikamchoma kwa kuliogopa hilo, uso wa mkwewe utakapogeuka kumtazama. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Chupa angeimwaga chooni, na nani angejua?

"Na yale maji, mama?" nesi alimgeukia. "Mnayamwaga wapi?"

Mashine ikakawia kulia. Wote watatu wakaitazama, mpaka ikalia tena.

Mama Mchicha akafungua kikapu, akatoa chupa, akamkabidhi nesi kwa mikono miwili.

"Siyamwagi," alisema. "Namnywesha mwanangu."