Watu Wote Hawakutoka

Jeanine alikuwa amefundisha hesabu miaka tisa katika shule moja ya sekondari kule Bagira, mjini Bukavu, na wanafunzi walimpenda kwa sababu hakuanza kamwe na namba. Alianza na maneno. "Hesabu ni lugha," aliwaambia kila mwezi wa tisa shule ilipofunguliwa. "Ila haijui kunong'ona wala kukonyeza jicho. Kilichoandikwa ndicho kinachosemwa. Kazi yenu ni kutafsiri." Kisha aliwaagiza walete sentensi za nyumbani: tangazo la kanisani, maneno ya mama sokoni, ugomvi wa majirani kwenye bomba la maji. Walizileta kwa Kiswahili chao cha Bukavu, ingawa vitabu vyote vya shule ni vya Kifaransa, naye hakuwazuia.

Asubuhi moja ya mvua alikuwa na darasa la sita, wale wa mwisho. Ubaoni alikuwa amechora alama tatu. Herufi A iliyopinduliwa miguu juu, kusema "kila". Herufi E iliyogeuzwa kutazama nyuma, kusema "kuna angalau mmoja". Na kikonyo kidogo cha kukanusha, kusema "si kweli kwamba". Msichana mmoja anayeitwa Carine, mwenye sauti ndogo ambaye huwa haombi kusema, akainua mkono.

"Madame, sentensi yangu inanisumbua."

"Isome."

"Préfet wa masomo, mukubwa wa shule, alikuya kwetu kuongea na papa. Akasema: bana bote habakupita ku examen. Maman akaanza kulia, alizani hata mumoja hakupita. Papa yeye akacheka, akasema hapana, bamoja bamepita, bamoja bameanguka. Maneno ni ileile, Madame. Njo maana nimeandika mistari mbili. Ya kweli iko gani?"

Akaja mbele, akaandika mistari yake miwili, mmoja juu ya mwingine. Katika wa kwanza kikonyo kilisimama baada ya ile A iliyopinduliwa. Katika wa pili kilisimama mbele yake. Tofauti yote ilikuwa hapo.

Jeanine alifurahi. Ni mara chache mwanafunzi anavuka mpaka kama ule peke yake. Akawaeleza wengine: mstari wa kwanza unasema kila mtoto, ukimchukua yeyote, hakupita, hakuna aliyebaki. Wa pili unasema tu kwamba si kweli wote walipita. Kiswahili kinazibeba maana zote mbili katika maneno yaleyale, na msikilizaji anachagua moja bila kujua kwamba amechagua.

"Na huu wa pili, unasema kuna mwenye alipita?" Carine aliuliza.

"Hapana. Hauahidi hivyo. Ila haufungi mlango."

Alipomaliza kulisema hilo, chaki ilisimama ubaoni. Darasa likangoja. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, na Jeanine alibaki akitazama mstari wa pili mpaka mtu akakohoa. Akawaambia wafungue ukurasa wa zoezi, akakaa.

Miaka kumi na moja kabla ya asubuhi hiyo, Jeanine akiwa mwaka wa pili wa chuo cha ualimu, mdogo wake Destin alikuwa Kamituga akichimba dhahabu. Destin alikuwa na miaka kumi na tisa, mcheshi, mwenye kumwita "yaya", yaani dada mkubwa, hata alipokuwa anamtania. Ujumbe uliingia kwenye simu ya Jeanine kutoka namba asiyoijua: "Shimo imeanguka. Batu bote habakutoka. Mukuye mbio."

Mama yao, Clémence, hakusoma shule. Kiswahili alikijua cha sokoni tu, na jambo zito alitaka kulisikia kwa Kimashi, lugha yao ya nyumbani. Jeanine alisimama mlangoni pa jiko, akamtafsiria: shimo limeanguka, hakuna aliyetoka. Mama akamuuliza, "Hata mmoja?" Naye akajibu, "Hata mmoja." Neno la mwisho, lile la kuja mbio, hakulisema kabisa. Halikumwingia akilini. Nani anakimbilia wafu?

Walipiga ile namba jioni hiyo na kesho yake; haikupatikana. Mtandao wa Kamituga wote ulikuwa umekufa, na barabara ilikuwa imekatwa na mvua upande wa Mwenga. Mjomba Cyprien, aliyekuwa mkubwa wa familia, akasema, "Tutafuata nini kule? Udongo?" Wakaweka matanga bila maiti, picha ya Destin juu ya kiti.

Siku ya tatu ya kilio, mama aliinua mkono katikati ya wimbo. "Nyamazeni. Hamumsikii? Anaomba maji." Wanawake wakamkumbatia. Kesho yake akasema tena, na siku iliyofuata tena, hata akawa anaacha kikombe kimejaa karibu na mlango. Jeanine ndiye aliyemkalisha chini na kumweleza polepole, kwa Kimashi kizuri, kwamba mtu aliye chini ya ardhi haombi kitu. Siku ya tisa mama akaacha mwenyewe. Alikunja kitenge chake, akasema, "Sasa amenyamaza," na hakulitaja tena.

Baada ya lile somo la Carine, Jeanine alitafuta daftari lake la zamani la chuo. Alijua liko wapi. Nyuma yake, chini ya zoezi la mwisho, alikuwa amenakili ujumbe ule na namba ile, kwa kuogopa simu isije ikaharibika. Alikaa kitandani, akautafsiri kama alivyowafundisha watoto, mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Neno "mbio" halikuwa na maana yoyote chini ya mstari wa kwanza. Chini ya wa pili lilikuwa na maana yote.

Siku nne hakupiga. Alijiambia kwamba mstari wa pili hauahidi kitu, na kweli hauahidi. Lakini neno "wote" lilikuwa limeanza kumwandama. Alilisikia kwa padri, alilisikia kwa wauza samaki, na kila mara alisimama kungoja lile linalolifuata. Siku ya tatu, akiwa anasahihisha madaftari peke yake darasani mchana, alisikia jiwe likigonga jiwe, taratibu, mara tatu kisha kimya, mara tatu kisha kimya. Alidhani ni wale wanaopasua kokoto nyuma ya shule. Akatoka kuwaambia wapunguze. Nyuma ya shule hapakuwa na mtu, ila majani yaliyolowa na ukuta.

Jumamosi saa sita mchana alikaa kwenye ngazi za shule, akapiga. Iliita muda mrefu.

"Allô. Maman Bibiane hapa. Ni nani?"

"Ninaitwa Jeanine, niko Bukavu. Maman, kuna message ilitoka ku hii nambari, sasa miaka kumi na moja. Ya shimo yenye ilianguka."

 Upande wa pili ilisikika pikipiki ikipita, na kuku.

"Weye njo yaya ya Destin," yule mwanamke akasema. Hakuwa anauliza.

"Ni miye."

"Sasa njo unapiga."

Jeanine alibana simu sikioni. Bibiane akaanza kueleza mwenyewe, bila haraka, kama mtu aliyelitunza neno kwa miaka mingi. Wakati ule alikuwa na meza ya kupigisha watu simu kando ya barabara. Ezéchiel, mwenzake Destin wa shimoni, alikuja na udongo hadi kwenye nywele, akaazima simu akatuma ujumbe kwa familia nne, maneno yaleyale kwa kila moja.

"Benye kuwa juu balikuwa bametoka. Benye kuwa chini, bado. Aliniambia: bakwabo bakuye mbio, tuko tunachimba, tunasikia banagonga majiwe ku ndani. Njo ile alitaka kusema. Kisha radi ikapiga antena, rezo ikakufa."

"Na Destin?"

"Siku ya tatu tukamutoa. Muguu zote mbili zilivunjika, na ndani ya tumbo alikuwa ameumia. Docteur hakukuwa, barabara hakukuwa. Nikamulalisha kwangu. Alikaa siku sita."

Jeanine akasimama kwenye ngazi. "Alikuwa anaomba nini?"

"Maji. Kila saa, maji. Na alikuwa anauliza bakwabo bamefika fasi gani. Miye namuambia bako mu njia, bako mu njia. Mwisho nilikuwa nadanganya tu, maman."

"Kwa nini haukutupigia kisha ya pale?"

"Rezo ilirudi kisha ya wiki tatu. Nambari yako nilikuwa nayo, yeye mwenyewe aliniandikisha. Lakini nilikuwa na hasira. Nilisema: ni batu gani hawa, mutoto anakufa, habakuye. Ezéchiel alienda Shabunda, hakurudi. Nikaacha."

Walibaki wote wawili kwenye simu mpaka salio likaisha.

Jumapili baada ya misa, mama Clémence alikuwa ameketi uani akichagua maharage kwenye ungo. Jeanine akakaa chini mbele yake, akamweleza yote kwa Kimashi. Alitaka kulia lakini aliogopa kilio kitamfanya aruke kitu. Mama hakuinua macho mpaka mwisho.

"Soma tena ule ujumbe," akasema. "Neno kwa neno. Usipunguze."

Jeanine akausoma kwenye daftari, akautafsiri, akaeleza kwamba maneno yale ya katikati yana njia mbili na kwamba yeye alimpitisha moja. Alipofika kwenye neno la mwisho, mkono wa mama ukatulia juu ya maharage.

"Hilo hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Ningekwenda kwa miguu," mama akasema. Alisema kwa sauti ya mtu anayekadiria umbali: siku ngapi, mto gani wa kuvuka, kwa nani wa kulala. Kisha akauliza, "Nani alimpa maji?"

"Anaitwa Bibiane."

"Basi nipeleke kwa Bibiane."

Walikwenda likizo ya Pasaka, kwa lori hadi Mwenga, na kutoka hapo kwa pikipiki mbili, mama amejifunga kitenge kiunoni, amemshikilia dereva kama mtoto. Bibiane alikuwa mwanamke mpana, mwenye mvi kidogo, na alipomwona mama Clémence hasira yake ya miaka kumi na moja ilimtoka mbele ya macho yao. Alipiga magoti matopeni. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, limepaliliwa, limezungushiwa mawe. Mama alikaa kando yake kutwa nzima, na Bibiane akakaa naye.

Bibiane alijua Kirega, lugha ya kule, na Kiswahili. Mama alikuwa na Kimashi. Jeanine aliketi katikati yao kutafsiri. Mama alitaka kujua kila kitu: Destin alilala ubavu gani, alikula nini, nani alimwosha, alivikwa nguo ya rangi gani. Bibiane alijibu kila swali, kisha akasita, akamtazama Jeanine.

"Kuna yenye siwezi kusema mbele yako."

"Sema tu, maman. Kazi yangu ni kutafsiri."

"Siku ya tano alitukana. Alisema: yaya yangu iko na masomo, anajua kusoma, message ameiona. Amekataa kukuya. Alisema hivyo mara mingi. Hakuamini tena neno yangu."

Jeanine aligeuka kwa mama yake. Kwa Kimashi, bila kupunguza, akasema: Destin alisema dada yake amesoma, anajua kusoma, ujumbe ameuona, amekataa kuja. Akaongeza na lile la mwisho, kwamba alilisema mara nyingi. Mama alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Hakumgusa, wala hakumwondokea.

Jeanine alirudi Bagira peke yake kwa sababu shule ilikuwa inafunguliwa. Mama alibaki Kamituga kwa Bibiane, akajifunza Kirega cha jikoni, akapanda mihogo nyuma ya nyumba, akarudi mvua za mwezi wa tisa zilipoanza. Alirudi amenenepa kidogo na sauti yake imetulia. Hakuwahi kumlaumu Jeanine. Wanakula pamoja, wanasali pamoja, na Jeanine akiumwa kichwa, mama ndiye anayemkanda.

Ila sasa mama ana simu yake, aliyopewa na Bibiane, na ujumbe ukiingia hampelekei binti yake. Anavaa sandali, anavuka njia hadi kwa jirani yao Luc, fundi cherehani, ambaye anajua Kimashi na alisoma mpaka darasa la sita la msingi. Jeanine akiwa chumbani na madaftari ya wanafunzi anawasikia kupitia dirishani. Luc anasoma kwa shida, anarudia silabi. Mama anamngoja, kisha anamuuliza kama kuna neno lingine lililobaki, na Luc anaangalia tena, anasema hapana, maman, yote nimeisoma.