Kidonda Kisichouma

Hivi wewe, umewahi kuona kidonda kisichouma? Minza alikiona mkononi mwa mumewe, Masunga, mwaka ule josho la kijiji lilipokauka na chanjo ya ng'ombe ikawa kitu cha kununua dukani Bariadi, kama sukari.

Ng'ombe aliyekufa alikuwa yule mwekundu, wa kwanza katika mahari ya binti yao Kija. Jioni alirudi malishoni mzima. Asubuhi walimkuta miguu imenyooka, tumbo limejaa kama ngoma, damu nyeusi inamtoka puani na haigandi.

Kasmiri, bwana mifugo aliyepunguzwa kazini, alisikia akaja kwa miguu.

"Mwangaluka. Hiki ni kimeta," alisema, salamu na onyo kwa pumzi moja, kabla hata hajapewa kigoda. "Msimpasue. Chimbeni shimo refu, mmzike na ngozi yake."

"Nyama sawa, tutaifukia, bwana mifugo usiye na mifugo," Masunga akacheka. "Ngozi, hapana. Hiyo ni shuka yangu."

Maana katika ukoo wao, ngozi ya ng'ombe wa kwanza wa mahari haitoki nyumbani. Huwekwa hadi siku mwenye kaya atakapokufa, azikwe amefungwa nayo.

Minza alikuwa amesimama pale na kata ya maji ya kunawa. Maneno yalimfika kooni: mzikeni na ngozi yake. Lakini wanaume walikuwepo, na shemeji yake Shija alikuwa ananoa kisu. Mambo ya ngozi mwanamke hayasemi. Akayameza.

Siku ya tatu tangu Masunga aichune ngozi ile na kuiwamba ukutani, kipele kama cha mbu kilimtoka juu ya kiganja. Kikawa lengelenge, likapasuka, katikati pakabaki peusi ti kama mkaa, na pembeni pamevimba. Minza alipabonyeza kwa kidole.

"Panauma?"

"Hata! Pangeuma ningekimbilia hospitali. Mama Kija, una mchecheto wewe."

Siku ya sita uvimbe ulipanda mkono hadi shingoni, shingo ikalingana na kichwa. Shija alimfunga kwa khanga mgongoni, akaendesha baiskeli hadi Bariadi, Minza akifuata kwa miguu.

Muuguzi Felisita alimchoma sindano, na nyingine, na nyingine. Siku ya pili Minza akamuuliza mbona dawa haifanyi kazi.

"Imefanya, mama. Vijidudu vimekufa. Ila sumu vilishaimwaga kwenye damu, na sindano haiigusi." Felisita alikaa kitandani, akainua vidole vitatu. "Sumu hii ina vipande vitatu. Kimoja kinakaa mlangoni mwa chembe ya mwili, kinawafungulia wenzake. Cha pili kikiingia, chembe inajaa maji, ndiyo unaona uvimbe. Cha tatu kinakwenda kwa chembe zinazolinda mwili, kinazikatia mawasiliano. Zinaona adui, zinashindwa kupiga kelele. Halafu zinakufa."

Minza alitazama vile vidole mpaka vikashushwa.

Masunga alikata roho saa nne asubuhi, kidonda chake hakijamuuma hata mara moja.

Nyumbani kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Shija alikwenda ukutani ilikowambwa ngozi nyekundu, akaanza kung'oa vigingi vyake kwa mikono mitupu. Wanaume watano walisogea kumsaidia kuibeba. Mmoja alikuwa na mchubuko mbichi kidoleni. Minza aliuona.

Akatoka mkekani katikati ya wanawake, akasimama mbele ya ngozi.

"Kaa chini, shemeji," Shija alisema kwa upole. "Marehemu aliitaka mwenyewe."

"Aliitaka, nayo imemuua. Ondoa mikono, Shija!" Sauti ilitoka nene, hata yeye hakuijua. "Mume wangu mtamfunga shuka ya dukani. Chimbeni shimo la pili, refu, kando ya alipofukiwa ng'ombe. Azikwe na ngozi yake. Hivyo ndivyo nilivyotaka kusema siku ile, nimeshika maji."