Pomba ya Boito

Mwaka wa hamsini na tisa watu wa redio walikuja Boito kurekodi kipindi cha afya, wakaomba wapewe mama mmoja wa kambi ya wachuma chai awe mgeni wao. Msimamizi akamtoa Cherotich, kwa sababu alikuwa na gauni safi na hakuwa mtu wa kulalamika.

Hapo msimamizi alikosea. Cherotich alikubali upesi kwa kuwa alikuwa na jambo lake. Bomba la kambi lilikuwa limeharibika tangu masika, watu wakiteka maji mtoni, chini ya vyoo. Kuchemsha alichemsha, lakini mtoto mdogo hunywa popote anapocheza. Mwanawe Kipngetich aliharisha, akapona, akaharisha tena, mpaka nikawa naogopa kumtazama mbavu. Cherotich aliniambia dukani kwangu kwamba akilisema redioni, wakubwa wa kampuni watasikia na kutengeneza. Nilimwambia ni wazo zuri, na kweli niliamini.

Mtangazaji, Bwana Adoyo, alikuwa na tai na sauti nzito ambayo hakuiweka chini hata alipoomba sukari. Alimfundisha Cherotich majibu: aseme ananawa mikono, aseme anashukuru. Kisha akawasha mashine na kumuuliza ni kitu gani kinawasumbua watoto wa hapa.

“Ni pomba,” Cherotich alisema. “Pomba imeharipika, watoto wanaumwa tumbo.”

Yeyote aliyekaa na Wakipsigis anajua kwamba b yao na p yao hulala kitanda kimoja. Bwana Adoyo hakuwa amekaa nao hata kwa chakula cha mchana. Alivuta pumzi ya huzuni, akawaambia wasikilizaji kwamba mama huyu shujaa amekiri: pombe inaharibu watoto.

Cherotich akatikisa kichwa. “Si hiyo. Pomba ya kampuni.”

Adoyo akasema kumbe inapikwa ndani ya kambi yenyewe, akamshukuru kwa ujasiri wake na kuondoa kipaza sauti.

Nilimfuata mpaka kwenye gari nikamweleza kwamba neno ni bomba, bomba la maji. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema mkanda umekwisha, tena kipindi kimetoka vizuri sana, maana mambo ya pombe yanapendwa na wakubwa.

Kikatangazwa. Cherotich, mlokole ambaye hajawahi hata kunusa busaa, akawa mlevi wa redio. Kanisani walimwombea kwa jina. Niliona uchungu mpaka nikazima redio, na wateja wakalalamika kwamba walikuwa wanasubiri muziki.

Halafu akaja bwana afya, Mokaya, na askari wawili, kutafuta pombe. Walipekua nyumba ya Cherotich, wakanusa sufuria, wakanusa hata viatu. Walipokosa kitu, Mokaya akasikia kiu. Cherotich akamwambia angoje amchemshie maji, kwani ni ya mtoni, pomba imeharipika.

“Mama, habari ya pombe nimeshaisikia,” Mokaya alisema. Akachota mwenyewe, akanywa, akachota tena.

Wiki haikuisha akalazwa. Sikufurahi, lakini sikuhuzunika pia. Alipotoka hospitali, suruali imempwaya, alikwenda moja kwa moja kwa meneja, na mafundi wakaja kesho yake. Maji yakatoka. Kipngetich akaanza kunenepa, akarudi kuiba sukari yangu kama zamani.

Baadaye kipindi cha afya kikawa na mgeni mpya. Cherotich alikuja dukani kusikiliza, Kipngetich akiwa amelala mapajani mwake. Mokaya alieleza jinsi alivyochunguza kambi ya Boito kwa makini na kugundua chanzo cha ugonjwa. Alisema ni bomba. Alilisema vizuri sana, kila herufi mahali pake. Adoyo akampongeza, kisha akauliza kwa nini wenyeji hawakusema mapema. Mokaya akajibu kwamba wenyeji bado hawajui kujieleza.

Cherotich alisikiliza mpaka muziki ukaanza. Kisha akaniita kwa jina la binti yangu, kama alivyozoea.

“Mama Wanjuhi, amesema ilikuwa nini?”

“Amesema ni bomba.”

“Ndiyo,” alisema, akimfunika mtoto. “Pomba.”