Mkono wa Gregor

Mdogo wangu Gregor hajawahi kutulia. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa na siafu kwenye damu. Kanisani aling'oa vifungo vya koti lake kimoja kimoja, na siku ya harusi yake alifunga tai na kuifungua mpaka mchungaji akamshika mkono. Gofu ndiyo iliyoupa mkono ule kazi. Mpira wake ukifika kwenye nyasi fupi za shimo, anaweka sarafu nyuma yake kama alama, anauokota, ananirushia niufute, anaurudisha, anachukua sarafu. Hata mpira uwe safi kama yai. Mwenyewe hajui kama anafanya.

Jumapili ile ilikuwa siku ya mwisho ya ubingwa wa wachezaji waliovuka miaka hamsini, pale kwetu Inverlossie, na mimi ndiye niliyembebea mfuko wa fimbo. Akishinda, angekaribishwa kwenye mashindano makubwa ya wazee wenzake mpaka magoti yamkatae. Akishindwa, Jumatatu anarudi kwenye duka la klabu kuuza glavu na kufundisha madaktari ambao hawasikii.

Upepo ulitoka baharini tangu alfajiri. Majani marefu juu ya matuta ya mchanga yalilalia upande mmoja kama nywele zilizochanwa kwa hasira. Tulifika shimo la kumi na saba tukiwa sawa kwa mapigo na Sture Wennberg, Mswidi mrefu asiye na haraka, na wengine wote tulikuwa tumewaacha nyuma. Gregor alizunguka, akachomoa fimbo, akairudisha, akachomoa ileile.

"Senga," Sture akaniambia, "mfunge ndugu yako kamba. Ananitia kizunguzungu."

"Kamba ninayo," nikamjibu. "Nimekuwekea wewe, siku utakayoanza kuongoza."

Akacheka. Nikampa Gregor kipande cha peremende ya sukari na siagi ili angalau meno yawe na shughuli.

La kumi na saba ni fupi, limejificha nyuma ya matuta ukingoni mwa bahari. Watazamaji walikuwa wachache, kwani wengi walishakimbilia la mwisho kuwahi viti. Gregor alipiga pigo moja tu, mpira ukatua kwenye nyasi fupi, hatua kama kumi kutoka shimoni. Wa Sture ulizama kwenye shimo la mchanga lenye ukuta unaomzidi mtu urefu. Macho yote yakamwendea yeye: mwamuzi, kamera, wale wachache waliokuwa juu ya tuta. Nani asiyependa kumwona mtu mtulivu akihangaika?

Wakati huo mkono wa Gregor ukafanya kazi yake. Sarafu, mpira juu, mimi nikaudaka, nikaufuta, nikamrudishia, akauweka, akachukua sarafu. Kisha akaenda upande wa pili wa shimo kuangalia mteremko, midomo ikitembea.

Mpira wa Sture ukaruka na mchanga wake, watu wakapiga makofi. Ndipo upepo ukaja kwa kishindo. Mpira wa Gregor ukatetemeka, ukajiondokea polepole kama bibi anayetafuta miwani yake, ukavuka nyasi zote zile na kusimama kiganja kimoja tu kutoka shimoni. Juu ya tuta wakashangilia.

Sheria yetu haina utata. Mpira ambao hujaugusa kwa mkono, upepo ukiusogeza, hiyo ni riziki yako, unapiga kutoka hapo ulipofika. Lakini ukishauokota na kuurudisha, upepo hauna tena haki juu yake. Unaurudisha pale ulipokuwa.

Mwamuzi Moncur akaja ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Akauliza kama Gregor alikuwa ameuokota kabla haujaondoka.

Gregor akafungua mdomo. Niliuona uso wake ukitafuta. Hakuwa anatunga uongo. Nimelea wanaume watatu, uongo unaotungwa naujua. Alikuwa hakumbuki.

"Sidhani," akasema. "Hapana. Sidhani."

Sture akasema yeye alikuwa mchangani, hakuona kitu ila mbingu. Kamera nayo ilikuwa kwa Sture. Moncur akasema basi atachukua neno la mchezaji, kisha, kwa adabu tu, akanigeukia mimi.

Miguu yangu ikaanza kukanyagakanyaga kama yake. Taulo lilikuwa begani. Niliwaza duka, glavu, madaktari. Kunyamaza kungetosha, hata uongo nisingelazimika kuusema.

"Aliuokota," nikasema. "Nikaufuta, akaurudisha."

Gregor akanisogelea. "Dada, hayo ni mazoea yangu. Usiniambie mazoea. Nakuuliza leo."

"Leo. Nimeudaka kwa kushoto kwa sababu kulia nilikuwa nimeshika hii bendera ya shimo."

Akaitazama bendera mkononi mwangu, muda mrefu kwa mtu kama yeye. Akaenda kuuchukua mpira, akaurudisha zile hatua kumi.

Pigo la kwanza upepo ulilibeba likapita shimo. La pili liligusa ukingo likatoka. Akatumbukiza la tatu. Pale ambapo upepo ulikuwa umempa pigo moja, alitumia matatu. Sture alitumbukiza wake mara moja. La kumi na nane walitoka sawa, na Sture akawa bingwa kwa pigo moja pungufu.

Baadaye mimi na Gregor tuliketi ndani ya gari, upepo ukilitikisa, chai ya chupa ikipoa. Watu walipita wakimpungia mkono kwa huruma. Alikuwa akiichezea sarafu yake.

"Ungesema hukuona," akasema. Hakuwa na hasira.

"Ningesema."

"Sasa?"

"Sasa ungeniuliza kila Jumapili mpaka tufe, Gregor. 'Niliuokota, Senga, au sikuuokota?' Kifungo cha koti kimekushinda kukiacha, ungeliacha hilo? Na Jumapili moja ningechoka, nikakujibu."

Akaiweka sarafu mbele ya usukani, akaichukua, akaiweka, akaichukua.

"Nimeiokota?" akauliza.

"Umeiokota."

"Nimeirudisha?"

"Bado. Washa gari, kesho una madaktari."